Matunzo ya Mtoto Hayafutwi kwa Kufilisika

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, nchi nyingi zimetunga sheria za ufilisi kwa kutambua kwamba yupo mdaiwa ambaye, hata akibanwa vipi, hana tena cha kulipa. Mahakama humtangaza kuwa mufilisi, mali yake hugawiwa wadai, na madeni yanayosalia hufutwa ili aanze maisha upya. Je, matunzo ya watoto wake nayo hufutwa?

Historia ya Marekani inalo jibu. Sheria ya ufilisi ya nchi hiyo ya mwaka 1898, iliyotumika kwa miaka 80, ilitaja madeni yasiyosamehewa, lakini matunzo ya mke na mtoto hayakuwamo. Wako wanaume walioliona pengo hilo kuwa mlango wa kutorokea. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba fedha ambazo mume ameamriwa kumlipa mke si deni la biashara, bali ni wajibu. Mwaka 1903 Bunge likayaandika matunzo ya mke na mtoto katika sheria. Mwaka 1904, katika shauri la Wetmore na Markoe, Mahakama hiyo ikathibitisha kwamba ufilisi haumwondolei baba mzigo wa kuwalisha watoto wake.

Msimamo huo haukulegezwa. Sheria mpya ya mwaka 1978 iliuendeleza, na ile ya mwaka 2005 ikayapa matunzo nafasi ya kwanza katika kulipwa, mbele hata ya kodi ya serikali. Mzazi aliyepungukiwa na kipato huweza kuiomba mahakama ipunguze kiwango cha siku zijazo. Lakini tangu mwaka 1986 malimbikizo yaliyokwisha kupita hayapunguzwi.

Wanajeshi nao hawakuachwa nje. Zamani mishahara ya serikali kuu ya Marekani haikuweza kushikwa kwa amri ya mahakama. Kuanzia mwaka 1975 sheria iliruhusu mshahara wa mtumishi wa serikali hiyo, akiwemo askari, ukatwe kwa ajili ya matunzo kabla haujamfikia mkononi. Sare haikuwa kinga tena.

Sababu ya yote hayo si ngumu kuielewa. Mfanyabiashara anayekopesha huchagua wa kumkopesha, hupima hatari, na hutazamia faida. Mtoto hakuchagua baba, hakutia saini mkataba, wala hawezi kungoja mambo yamnyokee mzazi ndipo ale.

Ndugu wasikilizaji, askari huapa kuwalinda wanyonge. Mnyonge wa kwanza aliyekabidhiwa ni yule anayemwita baba, na kiapo hicho hakuna mahakama ya ufilisi inayoweza kukifuta.