LiveJournal na Wenye Nyumba Watatu

Mwezi Aprili 2017 watumiaji wa LiveJournal, mtandao wa shajara na mabaraza uliozaliwa Marekani, waliwekewa mbele masharti mapya ya matumizi. Asiyeyakubali hakuweza kuendelea kuandika kama kawaida. Kulikuwa na tafsiri ya Kiingereza, ila iliambatana na onyo kwamba haina nguvu ya kisheria, na kwamba mkataba halisi ni ule wa Kirusi. Kwa hiyo mtu wa Ohio au Leeds aliyekuwa akiandika humo tangu ujana wake alitakiwa kukubali mkataba asioweza kuusoma, unaotawaliwa na sheria za nchi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga. Wengi walifunga virago. Tangu hapo imekuwa kawaida kusema kwamba Warusi waliinunua LiveJournal wakaiua. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kampuni ya Moscow iliununua mtandao huo mwishoni mwa 2007, na kwa miaka kadhaa baadaye ndimo Warusi walimokuwa wakisema mambo ambayo runinga zao hazikuthubutu kuyagusa. Jambo lililoiharibu jamii ile lilianza mapema zaidi, tena California. Kila mara mtandao huo ulipouzwa, watu wenye mamlaka ya kufuta maandishi na kufunga akaunti waliacha kuwajibika kwa mtu mmoja wakaanza kuwajibika kwa mwingine. Kanuni zilibadilishwa polepole, neno hapa na neno pale, lakini mtu wa kujibiwa alibadilika siku ile ile ya mauzo.

Brad Fitzpatrick aliianzisha LiveJournal mwaka 1999 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ili yeye na marafiki zake wajue hali za wenzao. Alichokiunda kilikuwa na akili kuliko tovuti nyingi za wakati huo. Kila mtu alikuwa na shajara yake, na ukurasa mmoja uliomkusanyia maandishi ya marafiki zake wote, miaka mingi kabla Facebook haijauzoesha ulimwengu jambo hilo. Andiko liliweza kufungwa lisomwe na marafiki tu, au na kundi dogo miongoni mwao. Mwenye shajara aliamua nani atoe maoni kwake, yapi yafichwe, nani afukuzwe. Mabaraza nayo yalikuwa na wasimamizi wao, wanachama wa kawaida walioweka kanuni walizotaka. Kwa maana hiyo sehemu kubwa ya usimamizi haikuwa mikononi mwa kampuni hata kidogo. Ilikuwa ndani ya programu yenyewe, na kila mtumiaji alishika ufunguo wa mlango wake. Kazi iliyobaki juu, ya kujibu maswali na kushughulikia malalamiko, ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, nao walikuwa watumiaji vilevile.

Fedha zilitoka kwa wale waliolipia akaunti ili wapate nafasi zaidi ya picha na vikorombwezo vingine. Mtandao ulikuwa umetangaza ahadi kwa watumiaji wake kwamba hautaweka matangazo ya biashara. Kati ya 2001 na Desemba 2003 hakuna aliyeweza kufungua akaunti ya bure bila kupewa namba ya mwaliko na mwanachama. Sababu ilikuwa ya kiufundi: seva zilikuwa zikielemewa. (Kuelemewa huko ndiko kulikomfanya Fitzpatrick aandike memcached mwaka 2003, programu ambayo baadaye ilitumiwa na mitandao mikubwa iliyokuja kumnyang'anya wateja.) Lakini sababu ya kiufundi ilizaa tunda la kijamii, kwa kuwa kila mgeni aliingia akiwa na mtu anayemfahamu. Ukijumlisha hayo unapata mpangilio ambamo anayelipa, anayesimamiwa na anayesaidia kusimamia ni watu wa kundi moja.

Sidai kwamba ilikuwa pepo. Timu ya malalamiko ilikuwa na maamuzi yaliyoonekana ya kukurupuka, na aliyefungiwa hakuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Mwenye mali alikuwa kijana mmoja, na mamlaka ya kijana mmoja si demokrasia. Tofauti ni kwamba kijana huyo alikuwa na shajara yake mle mle, akiandika chini ya kanuni zile zile, na hasira za watumiaji zilimfikia bila kupitia idara ya uhusiano. Ukaribu wa namna hiyo haufanyi uamuzi uwe wa haki, ila unaufanya uwe mgumu kuutetea ukiwa wa kipuuzi.

Januari 2005 Fitzpatrick aliiuza kampuni yake kwa Six Apart ya San Francisco, kampuni ya Ben na Mena Trott waliokuwa wametengeneza programu ya kublogu ya Movable Type. Wanunuzi hawakuwa watu wabaya, na wala hawakuwa wageni wa fani. Wao wenyewe walikuwa wanablogu. Lakini walikuwa na wawekezaji waliotarajia faida, na mwaka 2006 wakaleta aina mpya ya akaunti: unapata vitu zaidi bure, mradi ukubali matangazo. Ahadi ya zamani iliondolewa. Mwaka huohuo ulizuka mzozo juu ya picha ndogo za utambulisho zilizoonyesha akina mama wakinyonyesha. Mzozo wenyewe haukuwa mkubwa, ila ulionyesha kwamba sasa kulikuwa na jicho la tatu linalotazama ukurasa, ambalo si la mwandishi wala la msomaji.

Jicho hilo lilijitokeza wazi mwishoni mwa Mei 2007. Kikundi cha wanaharakati wa nje kiliyalalamikia mabaraza ambayo kilidai yanawapa nafasi wanaowadhulumu watoto kingono, na kikatishia kuwafikia watangazaji. Kampuni ilifunga akaunti na mabaraza yapatayo 500 kwa mkupuo. Kwa kuwa jina la akaunti iliyofungwa lilionyeshwa likiwa limepigwa mstari katikati, tukio likabaki na jina la Strikethrough. Msingi wa uamuzi ulikuwa orodha za mambo yanayompendeza mtumiaji, ambazo kila mmoja alijaza kwenye wasifu wake ili wenzake wampate. Aliyekuwa ameorodhesha neno la jinai hiyo alihesabiwa kuwa anaishabikia. Wakafagiliwa pamoja waandishi wa hadithi za mashabiki wa Harry Potter, baraza la wasomaji wa Kihispania waliokuwa wakijadili Lolita ya Nabokov, na makundi ya watu waliowahi kudhulumiwa ambao waliandika neno hilo kwa sababu ndilo lililowakusanya.

Mkuu wa Six Apart, Barak Berkowitz, aliomba radhi hadharani baada ya siku chache, na akaunti nyingi zikarudishwa. Mtu anaweza kusema basi, yalikwisha. Hayakwisha, kwa kuwa Agosti ya mwaka huohuo wasanii wawili walifungiwa moja kwa moja kwa ajili ya michoro yao, na kelele zikaanza upya. Zaidi ya hayo, radhi ile iligusa namna kazi ilivyofanywa vibaya, haikugusa swali la nani alikuwa akisikilizwa. Msimamizi wa kujitolea wa mwaka 2002 akiletewa lalamiko la baraza la watu waliodhulumiwa angeweza kulifungua na kulisoma. Kampuni iliyohofia simu ya mtangazaji ilisoma orodha ya maneno. Kulinda watoto ni wajibu ambao hakuna mwenye akili timamu anayeupinga, na ndiyo maana hoja hiyo ilifaa kama kisingizio cha haraka: wanaolengwa hujikuta wanajitetea dhidi ya tuhuma nzito badala ya kuuliza kwa nini hakuna aliyesoma walichoandika.

Wakati huo Kirusi nacho kilikuwa na hadithi yake ndani ya mtandao uleule. Andiko la kwanza la Kirusi huhesabiwa kuwa la Februari 2001, la Roman Leibov, mwanafasihi wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Wasomi na wanahabari walimfuata, na katika miaka michache ZheZhe, kama walivyouita kwa kifupisho cha jina lake la Kirusi, ukawa uwanja wa mjadala wa taifa zima. Oktoba 2006 Six Apart iliikabidhi kampuni ya SUP ya Moscow, iliyoanzishwa na Andrew Paulson na bilionea Alexander Mamut, uendeshaji wa sehemu inayotumia herufi za Kirusi. Watumiaji wa Urusi walipiga kelele mara moja, mwaka mzima kabla SUP haijawashtua wenzao wa Kiingereza. Walikuwa wameupenda mtandao ule kwa sababu hasa mwenyewe alikuwa mbali na Kremlin na hakuwajua. Kwao umbali ulikuwa ulinzi, wakati kwa Wamarekani wa enzi za Fitzpatrick ulinzi ulikuwa ukaribu. Desemba 2007 SUP ilinunua mtandao wote.

Mwanzoni wamiliki wapya walijitahidi. Waliunda baraza la ushauri lenye Fitzpatrick mwenyewe na wabobezi wa mambo ya mtandao Esther Dyson, Lawrence Lessig na danah boyd, na mwaka 2008 watumiaji wakapiga kura kuchagua wawakilishi wao humo. Lakini baraza la ushauri hushauri tu. Machi 2008 kampuni ilikuwa tayari imefuta uwezekano wa mgeni kufungua akaunti ya bure isiyo na matangazo, na watumiaji wakagoma kuandika kwa siku nzima. Akaunti za bure za namna hiyo zilirudi baadaye, ingawa wasomaji wasioingia kwa akaunti walionyeshwa matangazo. Mgomo wa waandishi una nguvu pale tu kimya chao kinapomgharimu mwenye mali, na kwa wakati huo bado kilimgharimu.

Hapo ndipo hoja ya kwamba Warusi waliiua LiveJournal inapokwama. Mpinzani wa Kremlin Alexei Navalny alijijenga kwa blogu yake ya LiveJournal, akianika humo wizi katika makampuni ya serikali. Aprili 2011 mtandao ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia ya kompyuta hadi ukazimika, na Rais Medvedev wa Urusi, aliyekuwa na blogu humohumo, akalaani. Ulishambuliwa tena siku ya uchaguzi wa bunge, Desemba 2011. Hakuna anayehangaika kuangusha mtandao uliokwisha kutiwa mfukoni. Hata mwaka 2014, sheria ilipowataka wanablogu wenye wasomaji zaidi ya 3,000 kwa siku wajiandikishe, LiveJournal ilizuia vihesabio vyake visionyeshe zaidi ya 2,500, ili isiwe yenyewe inayowaanika. Ujanja wa namna hiyo hufanywa na mmiliki ambaye bado anawafikiria watu wake. Lakini Machi mwaka huohuo blogu ya Navalny ilikuwa imezuiwa nchini Urusi kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano. Mwishoni mwa 2016 seva zikahamishiwa Urusi, na masharti ya Aprili 2017 yakapiga marufuku uenezi wa kisiasa na lolote linalokiuka sheria za huko. Kampuni iliyokuwa ikicheza na vihesabio sasa ilimjibu mdhibiti.

Kuna pingamizi kubwa: kwamba hayo yote ni kelele pembeni, kwani Facebook na Twitter zingeimaliza LiveJournal vyovyote vile. Kwa idadi ya watu, nakubali. Wengi waliondoka bila hasira yoyote, wakifuata ndugu na simu za mkononi. Ila tazama wale walioondoka kwa hasira walikokwenda. Septemba 2007, miezi michache baada ya Strikethrough, mashabiki walianzisha shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, ambalo Novemba 2009 lilifungua hifadhi ya hadithi iitwayo Archive of Our Own, isiyo na matangazo, inayoendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilishinda tuzo ya Hugo. Denise Paolucci na Mark Smith, waliowahi kufanya kazi LiveJournal, walichukua programu yake iliyokuwa huria wakajenga Dreamwidth, iliyofunguliwa 2009 kwa ahadi ileile ya kale ya kutoweka matangazo. Watu wanaofuata urahisi hawaandiki katiba, na hawa waliandika katiba kabla ya kuandika hadithi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dola ikitaka itamfikia mmiliki yeyote, kwa hiyo kujali nani anamiliki ni kupoteza muda. Desemba 2016, mwezi uleule seva za LiveJournal zilipohamia Urusi, Maxence Melo, mwanzilishi wa mtandao wa majadiliano wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kesi zilimfuata hadi 2020, na Juni 2018 mtandao wenyewe ulizimwa kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Dola ilimfikia, naam. Lakini ilimfikia mwanzilishi aliyekuwa bado ndiye mwenye mtandao, na ikalazimika kumpeleka mahakamani. Mtandao uliokwisha kuuzwa mara mbili haukuhitaji kupelekwa popote, maana mwenyewe alikuwa na biashara nyingine nyingi za kupoteza.

Ukweli wenye uchungu ni kwamba njia ya Dreamwidth na Archive haikuwa wazi kwa wote. Waandishi wa hadithi za mashabiki walikuwa na watu wanaojua kuandika programu, wafadhili wadogo wengi, na sheria za Marekani zinazoruhusu shirika la aina hiyo liishi. Bili za seva hazilipwi kwa nia njema, na wao waliweza kuzilipa. Waandishi wa siasa wa Urusi, ambao ndio waliokuwa na cha kupoteza zaidi, hawakupata nafasi ya kujijengea kitu kama hicho. Wengi walihamia Facebook, kwa matumaini yaleyale ya mwaka 2001 kwamba mmiliki aliye mbali atawaacha. Machi 2022 serikali yao iliifunga Facebook nchini humo, na safari hii haikulazimika kusubiri mtu yeyote auze.