Floribert wa Goma na Kazi ya Kukata Shauri

Huku Buluo, karibu na Likasi, sisi tunaofundisha katekisimu huulizwa mara nyingi: Mkristo atajuaje kwamba shauri alilokata ni jema, apate kusimama nalo pasipo mashaka? Wengine hungoja ndoto. Wengine huenda kwa nabii wa mtaani, wakalipa, wakarudi wenye mashaka kuliko kwanza. Tunaona afadhali kujibu kwa habari za kijana mmoja wa nchi yetu, ambaye mambo yake Kanisa limeyachunguza.

Jina lake Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, na humo aliwashughulikia watoto wa barabarani ili waende shule. Mwaka 2007 alifanya kazi Goma katika Office Congolais de Contrôle, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilihusu bidhaa zilizoharibika. Sisi tunaoona magari makubwa ya Kasumbalesa yakipita Likasi kwenda Kolwezi twaweza kufahamu kazi ya namna hiyo: mbele yako shehena nzima, mwenye mali ana haraka, nawe ndiwe mwenye saini.

Basi ikaja shehena ya vyakula vilivyooza, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Wakamtaka avipitishe. Wakamwahidi dola 1000, kisha wakapandisha mpaka 3000. Akakataa.

Hapa tukae kidogo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru litendeke. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili, maana twasema kukata shauri. Na huwezi kukata kitu usicho nacho mkononi. Floribert hakukata gizani. Alimwendea mtawa mmoja aliye daktari, akamwuliza vyakula vile vingeweza kumdhuru mtu kwa kiasi gani. Angalieni swali lake. Jambo la madhara ya chakula alimwuliza mwenye elimu ya madhara ya chakula. Alipokwisha kujibiwa, hukumu haikuwa ngumu: fedha zingekwisha upesi, na watu wangeugua au kufa. Kilichobaki ni tendo la tatu, nalo ndilo linalotushinda wengi wetu. Twajua lililo jema, twalihukumu kuwa jema, halafu twasema, ngoja kwanza mwezi ujao.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Mtu atasema: Tazama, shauri lake lilimharibia, je, huo ndio uhakika wa Mkristo? Tunamjibu kwamba uhakika huo haukupata kuwa ahadi ya kwamba hatutapatwa na neno. Isidore Bakanja alipigwa kwa sababu ya skapulari yake, akafa kwa majeraha tarehe 15 Agosti 1909. Sista Anuarite aliuawa pale Isiro tarehe 1 Desemba 1964, kwa kuwa hakukubali kuvunja nadhiri yake. Uhakika wao ulikuwa juu ya tendo lenyewe, kwamba ni haki mbele ya Mungu. Mambo ya kesho hawakuwa nayo mkononi, kama sisi tusivyo nayo. Na yeyote anayekuuzia hakika ya kesho kwa franka, huyo anakuibia.

Lakini kuna tofauti, nayo inafaa kufikiriwa. Bakanja aliambiwa avue alama ya dini. Anuarite alitakiwa atoe ubikira wake aliomwekea Kristo. Floribert hakuambiwa na mtu akane imani. Aliambiwa tu apitishe vyakula. Je, huyu naye ni mfiadini? Ndilo swali lililopaswa kuchunguzwa Roma. Tarehe 25 Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alithibitisha kwamba Floribert aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Kwetu hilo ni neno kubwa: amri isemayo Usiue imo pia katika karatasi za ofisini, na mtu aliyekataa kutia saini kwa ajili ya maskini asiowajua aliikiri imani yake kwa kalamu. Hata kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 2023, Papa huyo alimtaja Floribert mbele ya vijana na makatekista waliokusanyika katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Makatekista tulifurahi kwamba tulipewa habari hizo pamoja na vijana, kwa kuwa ndio wanaotuuliza.

Goma, mji wake, ulitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Kwa hiyo haikuwezekana kumtangaza Mwenye Heri pale nyumbani. Misa ilifanyika Roma tarehe 15 Juni 2025, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, na Wakongo wengi walikuwako.