Mbwa wa Ndani, Mbwa wa Nje

Wiki ya kwanza na Simba, keja yangu ya Section 58 ilinuka kama choo cha stendi. Simba alikuwa na miezi miwili. Alikuwa anakojoa mlangoni, chini ya meza, juu ya viatu vyangu. Nilimgombeza, nikamchapa na gazeti. Akawa sasa anajificha nyuma ya kochi ndiyo akojoe.

Nikampigia guka simu huko Bahati. Anakaribia miaka 90. Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo kazi niliifanya nikiwa toto la jikoni."

Nilijua guka aliwahi kufanyia Mzungu kazi. Sikujua kazi yenyewe ilikuwa mbwa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka michache baadaye Lord Delamere akapata shamba kubwa Njoro, masetla wengine wakafuata, na nyanda za juu zikatengewa Wazungu. Waafrika wakabaki humo kama maskwota: unalima kipande chako, unalipa kwa jasho. Masetla walikuja na tabia zao, mojawapo ikiwa kulala na mbwa ndani. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942 jinsi chui alivyoingia usiku chumbani alimolala, akamnyakua mbwa wake Buller.

Kwetu mbwa alikuwa wa nje. Alilinda mbuzi, alifukuza nyani shambani, alikula makombo. Hakuna aliyehitaji kumfunza mahali pa kwenda haja, kwa sababu nje ni kukubwa. Lakini mbwa wa kulala karibu na moto wa sebuleni lazima afunzwe, na mwenye nyumba hakuwa ndiye anayeshika kitambaa.

Mwaka 1950 guka alikuwa na miaka 14. Alivaa kanzu nyeupe na kuingilia mlango wa jikoni. Mbwa aliingilia mlango wa mbele. Memsahibu aliamuru mbwa akikojoa ndani, asukumwe pua kwenye mkojo na achapwe. Guka alifanya hivyo siku mbili, akaona kile nilichokiona mimi: mbwa hakujifunza kutoka nje, alijifunza kujificha.

Basi akaanza kuweka vipande vya mafuta ya nyama mfukoni mwa kanzu. "Akiamka, toa. Akimaliza kula, toa. Akicheza halafu aanze kunusanusa na kuzunguka, toa mbio. Akikojoa nje, mpe kitu hapo hapo, si baadaye. Akikosea ndani, nyamaza, panguza." Baada ya wiki kadhaa nyumba ikawa safi. Memsahibu akawaambia wageni kwamba yeye ndiye amemfunza.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Muda mfupi baadaye Wakikuyu wa mashamba ya Bonde la Ufa wakaanza kufukuzwa, makumi ya maelfu, wakirudishwa kwenye maeneo ya hifadhi ambayo wengine hawakuwa wameyaona maishani. Familia ya guka ilipandishwa lori mwaka 1953. Hakuruhusiwa kurudi ndani kuchukua hata blanketi.

"Mbwa alibaki," aliniambia. "Nilimfunza asichafue nyumba, halafu ni mimi nikatolewa."

Nilikosa la kusema. Nikamuuliza jina la huyo mbwa. Analikumbuka mpaka leo. La memsahibu amelisahau.

Tangu hapo nafanya alivyoniambia, na daktari wa mifugo ameongezea yake. Mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili tatu hivi, kwa hivyo kumlaumu ni kumwonea. Kabla amalize chanjo za pavo, asishukishwe kwenye njia wanapopita mbwa wa mtaa. Nimemwekea beseni la udongo na nyasi kwa balkoni. Pale alipokosea napanguza na siki, maana akinusa harufu yake atarudi hapo hapo.

Jambo lingine ni la guka. Mbwa wengi hapa Kenya huambiwa wakae kwa Kiingereza, lakini wakitumwa kumshika mtu huambiwa kwa Kiswahili. Mageti yenyewe yameandikwa MBWA KALI, na tunajua maneno hayo yaliandikiwa nani. Mimi namwambia Simba, "Twende nje." Anaelewa poa sana.

Mwezi uliopita guka alikuja kuniona. Keja yangu ina mlango mmoja tu, akaingilia huo, akakaa kwa kochi. Simba alikuwa amemaliza wiki mbili bila kukosea. Kwa furaha ya kuona mgeni, akakojoa katikati ya sakafu.

Kwa mazoea nikamwangalia guka. Hakuinuka. Alinyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Kitambaa," akasema. "Leo si mimi."