Taifa Stars na Taabu ya Kutumaini

Timu inayoshindwa siku zote haimsumbui mtu. Aipendaye hujua mapema atakalolipata, akazima redio yake akaenda kulala. Inayoumiza roho ni ile ishindayo mahali isipotazamiwa, kisha ikaja kufungwa nyumbani na wale tuliowahesabu kuwa wanyonge. Ndivyo ilivyo Taifa Stars, timu ya taifa letu ya mpira wa miguu. Na sisi tulio huku Mpanda, mbali sana na uwanja wa Dar es Salaam, taabu hiyo twaijua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho.

Mwanzo wake ulikuwa furaha. Mwezi wa Agosti 1979, miezi michache baada ya vita vya Uganda kwisha, timu yetu ilikwenda Ndola kucheza na Zambia. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, maana Katavi haikufanywa mkoa mpaka mwaka 2012, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mtu alisikiliza redio, na aliyetaka gazeti aliweza kungoja garimoshi litokalo Tabora kwa njia ya Kaliua. Zambia walitangulia kufunga, na mchezo ulikuwa karibu kwisha, ndipo Peter Tino akasawazisha, ikawa 1-1. Kwa kuwa tulikuwa tumeshinda 1-0 Dar es Salaam, tukaenda Nigeria mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukaenda sare na Ivory Coast 1-1. Hiyo si aibu, maana Nigeria ndio waliotwaa kombe. Wengi walidhani tutarudi upesi. Tulirudi baada ya miaka 39.

Katika miaka hiyo timu haikuwa mbovu daima; laiti ingalikuwa hivyo! Mwaka 2007, chini ya mwalimu Marcio Maximo wa Brazil, ilikwenda sare na Senegal mjini Mwanza, ikawafunga Burkina Faso kwao 1-0. Ilipofika Septemba, katika uwanja mpya wa Dar es Salaam, Msumbiji wakatufunga 1-0, na njia ikazibwa. Mwaka 2013 tuliwapiga Morocco 3-1. Mwezi wa Juni mwaka uo huo tukafungwa na Morocco wale wale, kisha na Ivory Coast.

Walakini siku zisizosahaulika ni zile nne za Novemba 2015. Jumamosi, tarehe 14, Algeria walikuja Dar es Salaam. Elias Maguri akafunga, Mbwana Samatta akafunga la pili, ikawa 2-0 juu ya timu ambayo mwaka uliotangulia iliwatoa jasho Wajerumani katika Kombe la Dunia mpaka muda wa nyongeza. Kisha Islam Slimani akayarudisha mabao yote mawili. Hata hivyo ilikuwa sare na wakubwa, na mtu angeweza kulala akisema, Sasa tumejua kwamba twaweza. Jumanne, huko Blida, tulifungwa 7-0. Mwalimu alikuwa yule yule, Charles Boniface Mkwasa. Basi twauliza: mtu aitumainie timu ipi, ya Jumamosi au ya Jumanne?

Mwezi wa Novemba 2018 Lesotho walitufunga 1-0 kwao, na wengi wakakata tamaa. Machi 2019 tukawafunga Uganda 3-0, tukaenda Misri! Huko tulifungwa michezo yote mitatu, na katika ule wa Kenya tuliongoza mara mbili kabla ya kufungwa 3-2. Ivory Coast, Januari 2024, tulipata sare mbili tu. Tena katika Kombe la 2025 lililochezwa Morocco tulifungwa na Nigeria 2-1, tukaenda sare 1-1 na Uganda, na tena 1-1 na Tunisia, tukavuka kundi kwa mara ya kwanza, hata wenyeji wakatutoa 1-0 mwezi wa Januari 2026.

Hivyo katika mashindano manne tumecheza michezo 13 wala hatukushinda hata mmoja, na bado tumefika mbali kuliko zamani. Mwaka 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa kuandaa mashindano ya 2027. Huku Mpanda wako waliokwisha kuanza kuulizana nauli ya kwenda Dar es Salaam.