Ulanga, Kauri na Cheche: Plagi za Ndege za Maktau, 1915–1916

Wanahistoria wa vita vya 1914–1918, wafikapo Taita Taveta, aghalabu husimulia reli ya kijeshi iliyotandikwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na mapigano ya Salaita ya tarehe 12 Februari 1916. Ama ndege zilizoruka kutoka Maktau mwaka 1915, na zile za Kikosi cha 26 cha Waingereza zilizofuatia Mbuyuni, huzipitia kwa sentensi moja, na udhaifu wake wote huutwika jua na wepesi wa hewa ya nyanda hizo. Kauli hiyo naiona ni nusu ya ukweli. Joto na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, sina shaka. Lakini mlango ambao taabu hizo ziliingilia ulikuwa ni plagi.

Ndani ya ganda la chuma la plagi, lenye hesi, hupita msumari uletao umeme wa volti elfu kadhaa kutoka kwenye magneto, na baina ya viwili hivyo hapana budi pawe na kihami. Kauri huuzuia umeme vyema, ila ikipata moto na kupoa ghafla hupasuka, na ufa mwembamba mno watosha kuupotosha umeme, cheche isiruke. Ndipo watengenezaji mfano wa Kenelm Lee Guinness wa London wakautumia ulanga, madini ya tabaka nyembamba: karatasi zake zikaviringishwa juu ya msumari, kisha washa za ulanga zikapangwa moja juu ya nyingine, zikakazwa kwa nati hata zikashikamana, zikachongwa na kulainishwa. Ulanga hustahimili moto. Kasoro yake ni kuwa mafuta hupenya baina ya tabaka zake.

Na mafuta hayakukosekana. Katika ndege za Caudron za Maktau silinda zote zilizunguka pamoja na rafadha, kiasi cha mara 1,200 kwa dakika, kila plagi ikidaiwa cheche 600, ilhali mafuta ya mbarika, yasiyorudi tena tangini, yalirushwa nje na mengine yakaungua yakawa masizi juu ya kihami. Pua ya kihami ikiwa ndefu huyachoma masizi hayo, lakini ikizidi moto huiwasha petroli kabla ya wakati wake; ikiwa fupi hubaki baridi, ikachafuka. Huko Mbuyuni, silinda nane za ndege za B.E.2c zilisimama mahali pamoja zikipozwa kwa upepo tu, na hapo adui wa plagi alikuwa moto wenyewe.

Tena Waingereza, kabla ya vita, walizinunua magneto zao karibu zote kwa Bosch wa Stuttgart, Ujerumani, ambayo sasa ilikuwa nchi ya adui. Na ulanga wa milima ya Uluguru ulikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Morogoro ilipotwaliwa Agosti 1916.

Wageni huonyeshwa mahandaki ya Maktau na kilima cha Salaita. Nawasihi wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, wanaosomesha madini na uhandisi papo hapo Voi, waifanyie utafiti historia ya mafundi na injini za viwanja vya ndege vya Maktau na Mbuyuni.