Ngoma, Mpira na Mwito wa Jeshi

Kwetu sisi Beni ni jina la mji tunaoupenda na kuulilia. Kwa wazee wa Lamu na Mombasa, beni lilikuwa jina la ngoma, nalo lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Majina hayo yamefanana kwa sadfa tu. Hata hivyo, historia ya ngoma hiyo inatufaa katika miaka hii ambamo vijana wa Butembo na Beni wanaitwa vitani.

Katika miaka ya 1890, vijana wa pwani waliziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakaziiga. Walishona sare, wakajipa vyeo vya makapteni na majenerali, wakashindana kwa gwaride. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza ngoma hiyo bara pamoja na askari na wapagazi. Baadaye ilichezwa hata Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa jina la mbeni. Lakini vita vyenyewe havikufanana na ngoma. Wapagazi wasiopungua 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Askari wa Force Publique walipoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, ushindi wao ulikuwa umebebwa pia na wapagazi wengi ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Beni ilichezwa kwa fedha za wachezaji wenyewe. Serikali nazo zilijifunza kulipia furaha ya namna hiyo. Katika vita vya pili vya dunia, jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki lilizungusha kikosi cha maonyesho, chenye gwaride na michezo ya viungo, ili wananchi walipende jeshi. Siku hizi majeshi ya jirani zetu yana timu za mpira: APR ya Rwanda tangu 1993, Ulinzi Stars ya Kenya tangu 1995. Timu hizo zimewapa vijana wengi riziki na heshima, wala hatuzilaumu kwa hilo.

Tatizo huanza pale mtazamaji asipojua nani amelipa, na kwa nini. Huko Marekani, mwaka 2015, maseneta John McCain na Jeff Flake walionyesha kwamba wizara ya ulinzi ilizilipa timu za michezo ili ziwaenzi askari uwanjani, huku watazamaji wakidhani ni shukrani ya bure. Mwaka 2012 jeshi la akiba la nchi hiyo, National Guard, lilitumia dola milioni 26.5 kudhamini mashindano ya magari. Baraza la Seneti lilipohoji mwaka 2014, ilionekana kwamba hakuna hata askari mmoja aliyepatikana kwa njia hiyo mwaka ule. Fedha hizo zilikuwa kodi ya wananchi.

Turudi kwetu. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini. Sisi tunaozika watu wetu katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014 hatuwezi kuudharau mwito wa kulinda nchi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe unafundisha kwamba askari anayetimiza wajibu wake vema anasaidia kudumisha amani. Lakini uamuzi mzito hivyo haufai kufanywa tarumbeta zikiwa bado zinalia.

Mkisikia wimbo wa kuwaita, au mkipewa jezi na mpira, ulizeni: Nani amelipa? Ni jeshi la taifa au ni kundi lisilo na wa kulijibia? Mshahara utatoka wapi, na nani atamtunza aliyejeruhiwa au mjane aliyeachwa? Na mkumbuke kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 18, iwe jeshini au katika kundi lenye silaha.

Katika Injili ya Luka, mwenye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Nanyi ketini, pamoja na wazazi wenu na wenzenu wa kikundi, kabla jina lenu halijaandikwa.