Kuihudumia Mashine Usiyoiona

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, yenye nembo ya kampuni ya Uingereza, ingawa chini ya nembo ilikuwa RCA 301 ya Marekani. Aliyeihudumia alilazimika kusimama mbele yake, asome taa na abadilishe tepu. Wengi wa waliojua kazi hiyo walikuwa wageni, na mitambo ililipiwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilipolegezwa katika miaka ya 1980, kuna Watanzania waliokuwa wamemaliza shule na vyuo bila kugusa mashine hata moja.

Nchi za nje nako kusimama mbele ya kila mashine kulisumbua, ila kwa namna nyingine: seva ziliongezeka, wahudumu wakabaki wachache. Septemba 1998 Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC walitoa kanuni za pamoja zinazoitwa IPMI. Kiini chake ni kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye bodi ya seva, mafundi huiita BMC. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na njia yake ya mtandao. Seva ikizimwa, BMC hubaki macho maadamu waya wa umeme umechomekwa. Hupima joto na mwendo wa feni, huandika hitilafu, na huiwasha seva upya ikiamriwa kutoka mbali.

Dar es Salaam ilikuja kuihitaji kweli baada ya mkonga wa intaneti wa SEACOM kufika mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Seva zilizokuwa zikikaa kwenye vyumba vya ofisi zikaanza kuhamia vituo maalumu, kikiwamo Kituo cha Taifa cha Data cha Kijitonyama. Kwa fundi anayeishi Kawe, jirani na viwanja vya kiwanda cha zamani cha nyama cha Tanganyika Packers, Kijitonyama si mbali. Lakini seva ikiganda saa nane usiku wakati wa masika, Mto Mlalakuwa umefurika na daladala hakuna, amri moja ya IPMI inamwokoa.

Shida ni pa kujifunzia. Laptopu ya mtumba haina BMC, na hakuna bosi atakayemruhusu mwanagenzi ajaribu kuzima seva yenye data za wateja.

Jibu lilitoka kwenye QEMU, programu ya kuiga kompyuta iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Toleo la 2.6, la mwaka 2016, lilikuja na njia mbili. Ya kwanza ni kazi ya Corey Minyard: mashine pepe inapewa BMC ya kuigiza, na Linux iliyo ndani yake inaizungumzisha kama ya kweli. Ya pili inaiga chipu yenyewe, AST2400 ya kampuni ya Aspeed ya Taiwan, kwenye bodi iliyoitwa palmetto-bmc. Baadaye ikaongezwa romulus-bmc, bodi ya IBM ambayo wanaojifunza OpenBMC, Linux huria ya kuendeshea BMC, huitumia sana.

Anayeiwasha romulus-bmc kwenye laptopu huona mistari ya Linux ikiporomoka kwenye skrini nyeusi, kisha anaombwa jina na nenosiri. Jina ni root. Nenosiri ni 0penBmc, linaloanza na sifuri badala ya herufi O, na wageni wengi hukwama hapo. Mlango wa IPMI, ambao kwa kawaida ni namba 623, mwongozo wa OpenBMC huuelekeza kwenye 2623 ya laptopu. Kuanzia hapo amri ya ipmitool, programu ya kutuma amri za IPMI, inajibiwa. Ila ukiamuru seva iwashwe, hakuna kinachonguruma: bodi iliyoigwa ni ya BMC peke yake, nyuma yake hakuna seva.

Mwigo huo umefaa pia kwenye usalama. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha jinsi IPMI ilivyo dhaifu: baadhi ya vifaa vilikubali kuingiwa bila nenosiri sahihi, na toleo la 2.0 humpa yeyote anayetaja jina sahihi la mtumiaji alama fiche za nenosiri, akazivunje kwa nafasi yake. Mashambulizi kama hayo hayajaribiwi kwenye mtambo wa kazini. Kwenye mashine pepe, ukiharibu unafuta na kuanza upya.

Marekebisho ya mwisho ya IPMI 2.0 yalitoka mwaka 2015, na mwaka huohuo shirika la DMTF likatoa Redfish, inayotumia lugha ya wavuti. Wenye IPMI wenyewe sasa wanashauri watu wahamie huko. Lakini seva hudumu miaka mingi, na za zamani bado zinajibu kwa IPMI, hivyo fundi wa Kawe inambidi azijue zote mbili. Redfish nayo ina mwigo wake, sushy-tools, kutoka mradi wa OpenStack, na laptopu ileile inatosha.